Maswali mnayoniuliza sana: mazingaombwe, kusoma mawazo na vichekesho hapa Mwanza

Mwangaluka wadau. Kila nikimaliza shoo, iwe Igoma, Nyegezi au kwenye harusi ya mtu kule Kisesa, nabaki nusu saa nzima najibu maswali yaleyale, afu nikifika nyumbani nakuta mengine kwenye simu. Sa nimeamua niyaweke yote hapa. Nimeyaacha kama mnavyoyauliza wenyewe, sijayapamba, na mengine nimejibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili.

Kaka kwani we ni mganga? Una majini? Sema ukweli

Hapana. Sina jini, sina hirizi, sijawahi kuchanjwa wala kwenda kwa mtu yeyote kuongezewa nguvu. Ninachofanya ni mazingaombwe, kiinimacho, na ile sehemu ya kusoma mawazo ni mazingaombwe hayohayo ila badala ya kuchezea karata nachezea umakini wako. Nalisema hili mwanzo wa kila shoo kabla sijagusa kitu chochote, kwa Kiswahili, na nikiwa vijijini narudia kwa Kisukuma ili hata bibi aliyekaa nyuma kabisa asikie.

Wenzangu kadhaa wa kazi hii wameshaniambia naharibu utamu, eti ukikaa kimya watu wanakuogopa na jina linakua haraka. Ni kweli linakua. Lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua neno mchawi linaweza kufanya nini kwa mtu. Wamama wazee wamekatwa mapanga huku kwetu kwa sababu ya macho mekundu tu, na macho yale ni moshi jamani, ni miaka 40 ya kupikia kuni na mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mpiga ramli mmoja kamwambia mtu atapata dhahabu au nyavu zitajaa samaki. Hali ilifika pabaya mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Sasa mimi nisimame mbele ya watu haohao, nimtajie mtu jina analoliwaza, afu nikae kimya kila mtu aamini anachotaka? Siwezi. Nikifanya hivyo nitakuwa nimemwandalia njia mpiga ramli atakayekuja kesho yake.

Kwa hiyo swali hili hata ukiniuliza mara mia sichoki.

Sasa kama sio uchawi umejuaje jina nililokuwa nawaza??

Siri ya mchezo mmoja mmoja sitoi, ndo makubaliano ya kazi hii dunia nzima, lakini msingi naweza kukwambia na hauharibu kitu.

Kwanza, mtu anaongea hata akinyamaza. Hili nimejifunza kwa mama pale Mwaloni, Kirumba, alikuwa anauza dagaa. Mteja anakuja anauliza bei ya gunia hili, anashika la pili, analalamika la tatu lina mchanga, mama ananinong'oneza anataka lile la nne, na kweli mwisho wa maneno yote anaondoka na la nne. Nikamuuliza mama unajuaje, akasema angalia miguu, mdomo wa mteja unazunguka soko zima lakini miguu inaelekea kwenye mzigo anaoutaka. Mpaka leo stejini naanza na miguu ya mtu kabla ya uso wake.

Baadaye ndo nikaja kusoma habari za yule farasi wa Berlin aliyeitwa Hans, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Akiulizwa 3 jumlisha 4 anagonga kwato mara 7, watu wakaamini ana akili ya binadamu. Mwaka 1907 mtafiti mmoja, Oskar Pfungst, akaonyesha kuwa muulizaji akiwa mwenyewe hajui jibu basi na farasi anashindwa. Hans alikuwa hajui hesabu yoyote, alikuwa anamwangalia mtu: kwato zikifika kwenye jibu, muulizaji analegea kidogo, kichwa kinainuka kidogo tu, farasi anaacha kugonga. Na mwenye farasi hakuwa tapeli, hata yeye alikuwa hajui kama anatoa ishara. Nilivyosoma pale nikamkumbuka mama na magunia yake ya dagaa.

Pili, mwili unasogea bila wewe kuuambia. Jaribu sasa hivi, funga pete kwenye uzi kama urefu wa kiganja na nusu, shika kwa vidole viwili, mkono utulie kabisa, afu waza tu kwamba pete inaenda mbele na nyuma. Itaenda. Waza inazunguka, itazunguka, na utaapa kuwa hujaisogeza. Mwaka 1853 mwanasayansi Michael Faraday aliwapima watu waliokuwa wanaamini kuwa mizimu inasogeza meza wakiiwekea mikono, akakuta ni mikono yao wenyewe inasukuma na wao hawana habari. Wapo watu wanaliwa hela huku kwetu kwa pete na uzi, wakiambiwa pete ikizunguka maana yake umerogwa. Ndo maana hii naifundisha bure kabisa, kila mahali, hata kwenye daladala.

Tatu kuna maneno yanayomfaa kila mtu. "Wewe unasaidia sana watu lakini ukipata shida wewe huwaoni. Kuna mtu wa karibu alikuangusha na hujamalizana naye moyoni. Kwa nje unaonekana mgumu ila usiku una mawazo." Nani hapo hajaguswa? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 karatasi za kueleza tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake, wakazipa wastani wa 4.26 kati ya 5 kwa usahihi, kumbe wote walipewa maneno yaleyale. Kwa hiyo mtu akikwambia maneno ya aina hiyo afu akamalizia kwa kuomba kuku mweusi na hela ya kusafisha nyota, simama uondoke.

Kinachobaki ni mikono na maandalizi. Dakika 4 unazoziona wewe nyingine zimekula wiki 3 za mazoezi chumbani.

Ulianzia wapi? Kuna chuo?

Nilianzia darasa la 3. Wengi wenu mnakumbuka, alikuwa anapita mtu wa mazingaombwe shuleni, mwalimu mkuu anatangaza mstarini, kesho kila mtu aje na shilingi 50. Wa kwetu alikuja na begi jeusi na kitambaa, akatoa riboni mdomoni mita na mita, akakata karatasi za gazeti zikawa noti. Watoto tulipiga kelele mpaka walimu wakatoka ofisini. Wenzangu jioni waliongea mambo ya majini njia nzima, mi nilirudi darasani kuangalia sakafuni pale aliposimama nikaokota kipande cha gazeti kimekunjwa mara mbili na kubandikwa gundi upande mmoja, na ndani kina kamfuko.

Nilikaa nacho kile kipande wiki nzima. Sikujisikia kudanganywa, nilijisikia kama mtu kanifungulia mlango, kwamba kumbe yule baba alikaa mahali na mkasi na gundi akatengeneza mshangao wa watoto 600. Nikataka hiyo kazi. Nikatengeneza kamfuko kangu, kabovu, nikamfanyia mama sokoni, mama akaniambia macho yako yameangalia mkono ulioficha, na huo ukawa ndo ukosoaji wa kwanza na wa maana kuliko wote niliowahi kupata.

Baada ya hapo ni kubeba mizigo Mwaloni mchana, mazoezi usiku, kupanda stejini bure kwenye kipaimara na mahafali, kuwa emsii, kuangalia klipu intaneti za watu wa nje na kurudia mara 50. Chuo sijaenda.

Karata tatu za stendi je, unacheza?

Sichezi na sitafundisha. Mikono ni ileile, ndo kweli, lakini yule anakula nauli ya mtu anayeenda kumuona mgonjwa. Usikae kwenye lile duara hata dakika 1, wale wanaoshinda mbele yako ni wenzake.

Kwa nini uchanganye na vichekesho? Si ungekuwa siriasi kama wale wa kwenye TV

Kicheko kinatoa woga. Nimeona kwa macho yangu, nikifanya mchezo wa kusoma mawazo kwa sura ngumu na muziki wa kutisha, mstari wa mbele wanarudisha viti nyuma na wamama wanavuta watoto. Nikifanya mchezo uleule huku watu wanacheka, wanasogea, wanataka waguse, wanauliza umefanyaje. Na mtu anayeuliza umefanyaje tayari ameshajua kuwa ni kitu kinachofanywa.

Halafu kicheko kina kazi yake ya kiufundi. Watu wakicheka wanafumba macho kidogo, wanaangaliana, bega linashuka. Sekunde ile ni ya kwangu.

Stejini nina sheria moja, mtu niliyemwita simchekeshei watu. Sitanii unene wake, nguo zake, kabila lake wala Kiswahili chake. Mchezo ukifika mwisho, makofi yanaenda kwake kwa sababu kwenye shoo yangu yeye ndo anayetabiri, mimi nashika bahasha tu. Nilianza utaratibu huu baada ya kuona mchekeshaji mmoja akimwita dada stejini akamsema mpaka dada akalia, ukumbi ukacheka, mi sikulala ule usiku.

Na shule yangu kubwa ya jukwaa ni Bujora. Kama hujawahi kwenda Bulabo, lile tamasha la ngoma za Wasukuma, nenda, ni mwezi wa 6, palepale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili pinzani ya ngoma, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watu wako huru kukimbilia upande wanaoupenda, mwenye watu wengi ndo mshindi. Fikiria msanii unacheza huku unaona kabisa watu wako wanahama kwenda kwa mpinzani! Pale nimejifunza kuwa dakika 2 bila kitu kipya umepoteza uwanja. Wale wa nyoka nao wananifurahisha sana, kwa sababu wanamtoa chatu, watu wanakimbia, halafu wanarudi wanacheka, woga na kicheko ndani ya pumzi moja. Wazee wanasema zamani makundi yalikuwa yanashindana na kwa dawa za kuvuta watu. Mi nimekaa pale nikaangalia mavazi, jembe linavyorushwa na kudakwa, mbwembwe za kuingia uwanjani, nikaona hayo peke yake yanatosha kuvuta watu toka Magu.

Wa nje unamkubali nani?

Wawili, na wa tatu nina ugomvi naye.

Wa kwanza Tommy Cooper, alizaliwa Caerphilly, Wales, mwaka 1921. Jitu refu, limevaa tarabushi nyekundu, ile kofia ambayo wazee wa pwani wanaijua vizuri, na aliipatia Misri akiwa jeshini wakati wa vita kuu ya pili. Mchezo wake ulikuwa kwamba kila kitu kinaharibika, chupa inatokea pasipotakiwa, karata zinaanguka, yeye mwenyewe anacheka, afu ukishaamini kuwa hajui kitu anafanya mchezo mmoja safi kabisa unabaki mdomo wazi. Kuharibu kwa mpangilio vile ni kugumu kuliko kupatia, nimejaribu najua. Alianguka stejini London tarehe 15 Aprili 1984, shoo inarushwa moja kwa moja kwenye TV, na watu waliendelea kucheka wakidhani ni sehemu ya mchezo, kumbe ni moyo, na akafariki. Kila nikisimulia hii huwa nanyamaza kidogo.

Wa pili Kreskin, Mmarekani wa New Jersey, alizaliwa 1935 akafariki Desemba 2024. Huyu alikuwa mtu wa kusoma mawazo mwenye maneno mengi, mchangamfu, anatembea haraka, anashika watu mikono kwa bashasha. Mchezo wake mkubwa: hundi yake ya malipo ya usiku ule inafichwa na watazamaji popote ukumbini yeye akiwa nje, akirudi aitafute, akiikosa halipwi. Waza hiyo, unaweka mshahara wako kwenye ufundi wako kila siku. Na alikuwa anasema wazi kuwa yeye sio mpiga ramli wala hana nguvu za mizimu. Hapo ndo aliponikamata.

Mwenye ugomvi na mimi ni Mfaransa, Robert-Houdin. Ni mkubwa, ndiye aliyeyatoa mazingaombwe kwenye majoho ya kichawi akapanda jukwaani na suti ya kawaida ya jioni, hilo namheshimu mpaka kesho. Lakini mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Algeria, koloni lao, ili awaonyeshe wenyeji kuwa uwezo wa Wafaransa unawazidi watu wao wa dini. Alikuwa na kisanduku chepesi ambacho mtoto anakiinua, afu anamwita mwanaume mwenye nguvu, anamwambia nimekutoa nguvu zako, jamaa anavuta kisanduku hakitoki. Chini kulikuwa na sumaku ya umeme. Kisha akampitishia na umeme kwenye mpini. Mtu mzima, mbele ya watu wake! Ule ni mchezo mzuri sana umefanyiwa kazi mbaya sana, na nikiusoma naona sura za watu wa kwetu. Ufundi wetu ukitumika kumfanya mtu ajione mdogo, kwangu huo ni wizi kama wa karata tatu.

Shoo yako inakuwaje hasa? Tutaona nini?

Dakika 40 mpaka 50. Sipendi kupitisha hapo.

Mchezo wangu mkubwa unaitwa Samaki wa Moyoni. Bahasha inaning'inizwa kwenye kamba ya kuanikia nguo kabla watu hawajaingia, kila mtu anaiona, mimi siigusi tena. Katikati ya shoo naugeuza ukumbi kuwa mwalo, pale wavuvi wanaposhushia na kuuza samaki. Namwita mtu mmoja awe mvuvi, achague samaki yeyote kichwani, sato, sangara, kambare, ningu, furu, hata dagaa mmoja. Wa pili anakuwa mchuuzi, anataja bei. Wa tatu ni mteja, analia njaa na kuomba apunguziwe, na hapo ndo ukumbi unapasuka maana Mwanza hakuna mtu asiyejua kubishana bei ya samaki, nimewahi kuona mama mmoja wa Buzuruga akashusha bei mpaka mchuuzi akasahau kuwa ni mchezo. Wakishakubaliana, mtoto anaenda kufungua bahasha. Ndani kuna mchoro wa samaki na bei iliyokubaliwa, mpaka shilingi 50 ya mwisho.

Kuna mwingine wa farasi wa Berlin, ila mi nimemfanya punda wa Ukerewe, na mtazamaji ndo anakuwa punda anayesoma mawazo ya bwana harusi kwa kugonga mguu. Anapatia. Hajui amepatiaje. Uso wake pale ndo sababu ya mimi kufanya kazi hii. Karata zipo, kopa na shupaza kama kawaida, ila chache, kwa sababu mtu wa nyuma hazioni.

Bro nipe basi mkeka wa wikiendi, hela tunagawana

Siwezi kujua mechi itaishaje. Nachotabiri mimi ni kitu ambacho mtu yuko mbele yangu na nina njia ya kukifikia. Mpira uko uwanja wa Kirumba au Ulaya, sina njia. Yeyote anayekuuzia mkeka wa uhakika anakuuzia karatasi.

Nimeibiwa simu / hela ya kikoba imepotea / mume wangu ana mtu. Utanisaidia kumjua?

Hapana, na naomba unisikilize hapa vizuri.

Meseji za namna hii napata kila wiki na zinaniumiza kwa sababu najua anayeandika yuko kwenye shida ya kweli. Mama mmoja alikuja mpaka nyumbani, kikoba chao kimepotelewa na hela ya mwaka mzima, akaniletea majina 11 kwenye karatasi, niyapitie tu nimwonyeshe nani. Ningeweza. Ningeangalia jina gani likitajwa anakunja uso, maana tayari alikuwa na mtu wake kichwani, ningesema jina hilo na yeye angeapa kuwa najua kila kitu. Jioni ile huyo mwanamke angekuwa ameshavunjiwa nyumba. Hiyo ndo ramli chonganishi yote, haina kitu kingine ndani yake, mpiga ramli anakurudishia chuki yako mwenyewe afu anaipa muhuri.

Nilimrudishia karatasi, tukakaa tukapitia daftari lao la kikoba mstari kwa mstari kama watu wengine, akaenda kwa mtendaji wa mtaa. Ya wizi peleka polisi au kwa mtendaji. Ya ndoa, ongea na mwenzio au wazee wenu. Mimi sihusiki, na ukisikia kuna mtu anatumia jina langu kufanya hayo niambie haraka.

Huwa unakosea?

Ndiyo. Kwenye send-off moja bahasha ilisema sangara, mvuvi akawa amewaza kambare. Nikasema mbele ya watu nimekosa, nikamshukuru, nikamuomba anipe nafasi ya mchezo mwingine, tukaendelea. Sijifanyi ilikuwa makusudi. Baada ya shoo mzee mmoja alinishika mkono akasema mjukuu wangu, ulivyokosa ndo nimekuamini kuwa huna majini. Nimeyabeba maneno hayo.

Mimi ni mlokole / Muislamu, ni dhambi kuangalia?

Kiongozi wako wa dini ndo wa kukujibu, mi si mwalimu wa dini. Ninachoweza ni kumweleza yeye kazi yangu kabla ya shoo. Nimeshakaa na wachungaji na mashehe, nikawafundisha ile ya pete na uzi, na wengi waliishia kuniomba niwaonyeshe vijana wao ili wasiliwe hela. Wapo waliokataa pia, nikawaaga kwa heshima nikaondoka. Hilo ni geti lao.

Nifundishe basi hata moja

Haya, hii ni hesabu tupu na huwezi kukosea. Mwambie mtu aandike namba ya tarakimu 3 ambayo ya kwanza na ya mwisho zimepishana kwa 2 au zaidi, mfano 732. Aigeuze, 237. Atoe ndogo kwenye kubwa, anapata 495. Jibu hilo nalo aligeuze, 594, afu ajumlishe, 495 na 594. Inatoka 1089. Itatoka 1089 kwa namba yoyote atakayochagua, kila siku.

Sasa hesabu sio shoo. Shoo ni wewe kuandika 1089 asubuhi kwenye kipande cha karatasi, ukampa konda wa daladala akutunzie, mkafanya hesabu kwenye simu njiani, afu ukamwambia konda fungua. Mazoezi yako yawe kwenye maneno na macho. Usimfanyie mtu mmoja mara mbili, na usiseme una kipawa cha kuzaliwa, sema umejifunza.

Bei ikoje, na una kibali?

Bei inategemea umbali, watu wangapi na kama mna spika. Nusu kabla, nusu siku ya shoo kabla sijapanda stejini, hii ya kabla sijapanda niliiweka baada ya ukumbi mmoja kuniacha nimesimama getini saa 6 usiku na begi langu, meneja simu imezimwa, vijana wangu wawili wa vyombo hawajala. Shule za msingi za serikali nakuja kwa nauli tu. Nimesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na nikienda wilaya nyingine napita kwa afisa utamaduni kwanza.

Unafika visiwani na vijijini? Tuandae nini?

Nafika. Sengerema sasa hivi rahisi, toka daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 naenda na kurudi usiku uleule, zamani ulikuwa unasubiri feri mpaka karata zinapata ukungu. Ukerewe lazima nilale Nansio, kwa hiyo mnitafutie pa kulala.

Mkiniweka nje, nahitaji ukuta au gari nyuma yangu kwa sababu upepo wa ziwa kuanzia saa 10 jioni unapeperusha kila kitu. Taa mbili zinatosha, moja kwangu, moja kwa watazamaji, maana nahitaji kuwaona nyuso. Kamba ya kuanikia nguo na vibanio viwili. Maiki ya waya ni bora kuliko isiyo na waya. Watoto wakae chini kwenye mkeka mbele, wasibanwe nyuma ya watu wazima.

Na viti vya mbele kabisa, hivi nawaomba kila mahali na msivigawe kwa waheshimiwa, ni vya bibi zetu wa mtaa huo, hasa yule ambaye watu wanamsemasema na watoto wanamkimbia. Kijiji kimoja upande wa Magu walimweka mmoja pembeni peke yake, macho mekundu, hakuna aliyekaa karibu. Nikamwita yeye awe mvuvi. Alichagua ningu, akabishana bei na diwani mpaka watu wakashikana mbavu, bahasha ikafunguliwa ikawa ningu, na watoto ndo waliomsindikiza mpaka kwake wakimuuliza bibi ulijuaje, bibi ulijuaje, naye anawajibu kwa Kisukuma kuwa hata yeye hajui, waje kesho awasimulie vizuri. Kwa hiyo nikija kwenu bibi akae mbele, na samaki wa kwanza anachagua yeye.